Muulize Mama Pama: Mvuke ni wa dakika, kupoa ni kwa saa

Tumbaku ikishauzwa, Tabora inaoa. Kuanzia Juni baraza langu pale Isevya linajaa pama zilizokunjamana, hizi kofia za felti zenye ukingo mpana. Huyu anataka kusimama mbele ya wakwe, yule anataka picha ya ukoo, na kofia imelala chini ya gunia la mpunga tangu harusi ya mwaka juzi. Barua nazo zinaongezeka. Nyingi za mwezi huu zinauliza bei, na bei sijibu gazetini, njoo tutazamane. Zilizobaki nazijibu hapa.

*Shikamoo Mama Pama. Nilinunua pama ya kijivu mnadani, imetoka kwenye robota la mitumba ikiwa bapa kama chapati. Nikainyoosha kwa pasi, nimeweka kitambaa juu kama ninavyofanya kwenye suruali. Sasa kuna sehemu inang'aa, na bonde la katikati limehamia upande wa kulia. Harusi ni Jumamosi ya tatu kutoka leo. Naweza kuiokoa mwenyewe nyumbani? (Kijana wa Ng'ambo, Tabora mjini)*

Marahaba mwanangu. Pasi iweke kabatini, imekwisha kukutendea ya kutosha.

Kwanza ujue umeshika nini. Pindua ule mkanda wa ndani unaogusa paji la uso, mimi nauita mkanda wa jasho, na chini yake ng'oa nyuzi tatu nne za felti, yaani hicho kitambaa cha nyuzi zilizosongamana kilichofanya kofia. Zichome kwa kiberiti juu ya kisahani. Zikinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa kidole, una sufu au manyoya ya sungura, na kofia inatengenezeka. Zikiyeyuka na kuwa kishanga kigumu cheusi, hiyo ni plastiki iliyojifanya sufu. Kwa mvuke itakudanganya kwa dakika kumi kisha itarudi ilivyokuwa. Kwa jinsi ulivyoieleza, kwamba imepigwa pasi na haikuyeyuka, nadhani una sufu.

Pili, ule mkanda wa jasho kama ni wa ngozi, utoe nje wote uning'inie chini kama sketi kabla hujakaribia mvuke. Hapa nina kovu. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii niliivukiza kofia ya mzee mmoja mkanda ukiwa ndani. Ilikuja ikiwa na mzunguko wa sentimita 58, ikaondoka na 56, maana ngozi ikipata joto na unyevu hujikunja. Mzee aliivaa, ikakaa juu ya kichwa kama kifuniko cha chupa. Hakugomba. Alinitazama tu, nami nikamlipa kofia nyingine kwa pesa ya karo ya mwanangu.

Sasa chemsha maji. Birika la kawaida, jiko la mkaa la kawaida. Tabora tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, lakini felti haijui tofauti hiyo. Mvuke ukianza kutoka mdomoni mwa birika kwa kelele, shika kofia kwa ukingo, iinamishe juu ya mvuke kwa umbali wa shibiri moja, uwe unaizungusha. Usitazame saa, sikiliza vidole. Felti kavu ukiibinya inajibu kama kadibodi. Baada ya nusu dakika hivi inaanza kujibu kama ncha ya sikio lako. Hapo ndipo. Ukiendelea mpaka ikalowa na kuteleza kama matobolwa umepitiliza. Iache ikauke siku nzima uanze upya.

Ikishalainika, ingiza ngumi ndani na usukume nje mabonde yote, la kulia na yote yaliyokuja na robota, mpaka kichwa cha kofia kiwe duara kama chungu kilichofunikwa. Usianze kuchonga bonde jipya juu ya makosa ya zamani. Wengi hapo ndipo wanapokosea, wanarekebisha kidogo hapa, kidogo pale, mwisho kofia ina mabonde kama njia ya mkokoteni. Ifute yote. Iache ipoe ikiwa duara, ikiwezekana mpaka kesho yake.

Kesho yake vukiza tena, safari hii juu tu, penye bonde. Tumia ubavu wa kiganja, upande wa kidole kidogo, ushushe katikati kutoka mbele kwenda nyuma kama unayekata ugali. Kisha kidole gumba na vidole viwili, binya mbele pande mbili, kidogo, kama unavyoshika shavu la mtoto usiyetaka alie. Halafu ushikilie. Ndiyo, ukae hapo umeshikilia. Mimi husoma Ayatul Kursi mara tatu polepole. Wewe hesabu mpaka mia mbili ukipenda. Ukishaachia, iweke mahali isiguswe saa nzima.

Umbo halikai kofia inapopata mvuke. Linakaa inapopoa. Dada zako wanaokwenda saluni wanalijua hili. Sufu, manyoya ya sungura na nywele za kichwani ni nyama ya namna moja. Joto na unyevu vinalegeza vifungo vilivyo ndani ya unywele, na unywele ukipoa na kukauka vifungo vinajifunga upya pale vilipokutwa. Mwanamke akitoa rola nywele zikiwa bado za moto, mawimbi yanaanguka kabla hajafika stendi. Akikaa chini ya kikausha mpaka zipoe, anafika nayo harusini. Vijana wana bidii kubwa ya mvuke na hawana hata robo saa ya kupoza.

Ile sehemu inayong'aa: pasi imelaza nyuzi. Nunua kipande cha msasa laini kabisa, namba 400, usugue kwa mzunguko mdogomdogo bila kukandamiza, uvukize, upige brashi. Fanya mara mbili. Kama pameshakuwa na rangi ya kahawia, pameungua, na huo utepe wa kofia ushone upana zaidi upafunike.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mfugaji nyuki. Ukingo wa pama yangu umeanguka pande mbili kama masikio ya mbuzi. Mke wangu anasema tupake uji wa muhogo kama tunavyotia kofia za kiua. Mimi nasema nta, maana nta ninayo debe zima. Tuamue. (Mzee wa Sikonge)*

Waalaykum salaam, na shikamoo mzee. Mtanisamehe, wote wawili mmekosa.

Kofia ya kiua ni pamba. Uji unaingia kwenye pamba, unakauka, unapigwa pasi, inasimama kama sahani. Kwenye sufu uji unabaki juu ya nyuzi, unakauka kwa vumbi jeupe, unapasuka mnapokunja ukingo, na mvua ya kwanza ya Novemba unarudi kuwa uji, mabegani. Pia mende wanaupenda. Nta nayo, wewe unaijua kuliko mimi: inayeyuka kwenye nyuzi 62 na zaidi kidogo, lakini inalegea mapema kabla ya hapo. Ukingo wenye nta uliokaa juani mnadani utalegea, utanata, na vumbi lote la barabara ya Sikonge litahamia kichwani kwako. Baya zaidi ni kwamba felti iliyoshiba nta haipokei tena mvuke. Umeifunga mlango.

Wenye viwanda vya kofia wanatumia shelaki, nayo inatokana na mdudu, kwa hiyo heshima ya ukoo wako haijapotea. Ni utomvu unaotolewa na mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Wazee waliofanya kazi posta wanaikumbuka lakiri nyekundu ya kufungia bahasha. Shelaki ilikuwa ndani yake. Kwa mafundi wa samani wanaopiga polishi ya zamani utapata vipande vyake, kama magamba ya samaki ya rangi ya kahawia. Loweka gramu 50 katika nusu lita ya spiriti ya kuwashia, usiku kucha, kwenye chupa iliyofunikwa. Chuja kwa kitambaa cha pazia.

Vukiza ukingo kwanza, unyooshe kwa kiganja juu ya meza, au kama unataka upinde mbele uushushe hapo hapo, upoe. Ndipo upake shelaki upande wa chini tu, kwa brashi laini, nyembamba kabisa. Ikauke. Mkono wa pili. Unatakiwa ukingo ukiupiga kwa kidole ulie kidogo, usiwe mgumu kama michembe. Ukizidisha, kitambaa chenye spiriti tupu kitapunguza.

Na jiko liwe limezimwa, mzee. Limezimwa, siyo limesogezwa. Mvuke wa spiriti unatembea chini kwa chini. Nimeona kwa macho yangu moto wa bluu ukitambaa juu ya meza kutoka kwenye jiko lililokuwa upande wa pili wa chumba, mwepesi, bila hata moshi. Tulipoteza kitambaa cha meza na nyusi zangu.

*Mama, sisi ni kina mama watano wa Igunga, tunalima pamba. Tumeona felti ni nyuzi zilizosongamana tu, hazifumwi. Je, hatuwezi kuisongamanisha pamba yetu tukafanya kofia? Na kama si pamba, sufi ipo, na kondoo tunao. (Kikundi cha kina mama, Igunga)*

Swali zuri kuliko yote ya mwaka huu, na jibu lake linaniuma kuliandika. Pamba haiwezi.

Chukueni unywele mmoja wa kichwani, uuteleze kati ya vidole kutoka mzizini kwenda nchani, kisha mrudi kinyume. Kinyume unakwaruza kidogo. Ni magamba, madogo, yamepangwa kama vigae vya paa. Unywele wa sufu una magamba yaliyosimama zaidi. Ukiutia maji ya moto na sabuni na kuusugua, unasogea upande mmoja tu, hauwezi kurudi, unajipenyeza kwa wenzake mpaka wote wameng'ang'aniana. Hiyo ndiyo felti. Uzi wa pamba hauna magamba. Ni utepe laini uliojisokota. Mtausugua mpaka Krismasi na ukikauka utapukutika. Sufi ndiyo kabisa, inateleza kuliko pamba, itieni kwenye mito. Jina ndilo linalotuchanganya: sufi ni ya mti, sufu ni ya mnyama, na herufi moja imeshawapotezea watu mitaji.

Kondoo wetu nao, hawa wa mkia mnono, wanaota singa kama mbuzi. Nyama yao siibishi. Sufu ya kusokota hawana.

Ila kuna njia, na mimi naifanya. Katika mitumba tafuteni masweta ya sufu tupu, yale ambayo mwenye duka anayauza bei ya chini kwa kuwa Tabora hakuna baridi ya kuyavaa zaidi ya mwezi Juni na Julai alfajiri. Pimeni kwa moto kama nilivyomweleza yule kijana. Leteni ndoo ya maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia kwa shida, sabuni ya kipande, na sweta. Sugueni bila huruma, kama jinzi ya mchimba visima. Tumbukizeni kwenye maji ya baridi, kamueni, rudini kwenye moto. Baada ya mizunguko mitano sita macho ya kufuma yanafumbika, huoni tena tundu, na sweta limepungua. La mwisho nililofanya lilipungua karibu theluthi. Kama nusu saa imepita na halijabadilika, limetiwa dawa kiwandani lisipungue, mpeni mtoto alivae.

Kifua na mgongo wa sweta la mtu mzima vinatosha kofia moja ndogo ya duara, siyo pama. Likiwa bado bichi na moto, kateni kipande kikubwa cha mviringo, mkivute juu ya chungu au kibuyu kilichopinduliwa, mkiwa wawili, mmoja anavuta huku mwingine kule, mpaka mikunjo ya pembeni imalizike. Inamalizika, msikate tamaa, sufu mbichi inavutika kuliko mnavyodhani. Fungeni kamba pale paji la uso linapokaa. Kivulini siku mbili. Mkifungua mapema mmefanya kazi ya bure. Ukingo wake ushoneni kwa uzi wa pamba ya Igunga, kama mkipenda kujifariji.

*Mwangaluka mama. Mimi fundi seremala, Kaliua. Wateja wameanza kuniuliza kalibu ya mti ya kuvalishia pama. Sijawahi kuiona. Nichonge kwa mti gani na kwa vipimo gani?*

Mwangaluka mwanangu. Mimi mwenyewe miaka tisa nilitumia kibuyu. Kibuyu chenye mzunguko wa sentimita 57 kina upana wa 18 kila upande, kwa sababu ni duara, na kichwa cha mtu si duara. Kila kofia niliyoitoa kwenye kibuyu ilimbana mwenyewe mbele na nyuma ikawa na nafasi pembeni mwa masikio. Nikawa nakiviringishia vipande vya kanga mbele na nyuma mpaka kikafanana na binadamu. Kilifaa. Lakini ukiweza kuchonga, chonga yai.

Kwa mzunguko wa 57, ambao ni kichwa cha kawaida cha mwanamume anayekuja kwangu, chora yai lenye urefu wa sentimita 20 na upana wa 16. Kimo 14. Juu paishie kwa mviringo, usiache kona yoyote, kona inaandika mstari kwenye felti na mstari huo hautoki. Sentimita moja kutoka chini chonga mfereji wa kukaa kamba. Chini toboa tundu la kuingiza mpini, ili kalibu isimame hewani na ukingo wa kofia usiguse meza. Ukichonga ya pili fanya 59, hizo mbili zitakutosha mwanzo.

Mti ni mninga, na huna haja ya kukata wowote. Vipande vinavyobaki kwenye milango na vitanda gundisha vitatu vinne, ukavichonge. Mninga ukikauka hausinyai sana wala haupindi, na kalibu inayolowa na kukauka kila wiki inahitaji mti wa tabia hiyo. Tatizo lake unalijua, ile damu. Hata mbao kavu ikipigwa mvuke inaweza kutoa rangi, nami niliwahi kuchafua kofia ya rangi ya maziwa kwa ndani, doa la mviringo kama la chai. Tangu hapo naivalisha kalibu mfuko wa nailoni kabla ya kofia. Yangu ilichongwa na fundi wa Cheyo, hakutaka pesa, alitaka pama ya kahawia yenye utepe mweusi. Bado anaivaa.

*Mume wangu kanunua pama bila kuipima. Inamfika kwenye nyusi. Hataki kuirudisha kwa aibu. (Mama Watatu, Kigoma)*

Kata karatasi ya gazeti utepe wa upana wa vidole viwili, ikunje mpaka ipate unene wa milimita 3, uipachike nyuma ya mkanda wa jasho mzunguko wote. Milimita 3 inaonekana si kitu, lakini ikizunguka pande zote inapunguza karibu sentimita 2 za mzunguko, ambazo ni namba mbili nzima za kofia. Ikizidi, punguza kunjo moja. Yeye mwambie imejirekebisha yenyewe kwa kuvaliwa. Na siku nyingine umpime kabla hajatoka: futi ya cherehani, kidole kimoja juu ya masikio, katikati ya paji la uso.

*Shikamoo mama. Babu yetu alifanya kazi reli. Ametuachia chepeo ya manyoya, laini ajabu, ndani imeandikwa Borsalino. Alikuwa akisema aliinunua Dar es Salaam mwaka 1939. Imebonyea mbele. Nataka kuivukiza kama unavyofundisha ili niivae kwenye arobaini ya bibi. (Mjukuu, Ujiji)*

Marahaba, na poleni kwa bibi. Kofia hiyo usiivukize.

Jina hilo ni la kofia za Italia, mji wa Alessandria, wanazitengeneza tangu 1857, na sifa yao ni manyoya ya sungura. Manyoya ya sungura yana magamba yaliyolala, hayang'ang'aniani kirahisi kama sufu. Kwa hiyo mafundi wa kofia wa Ulaya na Marekani kwa muda mrefu waliyapaka maji yaliyoyeyushiwa zebaki na asidi, magamba yasimame. Manyoya yakikaushwa ncha zilikuwa rangi ya chungwa, kazi yenyewe wakaiita kutia karoti. Zebaki hiyo ilipanda na mvuke kila kofia ilipovukizwa. Mafundi walitetemeka mikono, wakatokwa mate, wakawa na aibu na hasira zisizo na sababu. Katika mji wa Danbury, Marekani, ugonjwa huo ulipewa jina la mji, mtetemo wa Danbury. Marekani waliacha zebaki katika felti Desemba 1941. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega hawahitaji nieleze zaidi, wanaojua kinachotokea zebaki inapochomwa kwenye kikaango.

Sisemi ya babu yako inayo. Nasema ni ya manyoya, ni ya miaka hiyo, na huwezi kujua kwa kuitazama wala kwa kuinusa, na usiinuse. Joto ndilo hatari zaidi. Basi usiitie mvuke, usiipige msasa, watoto wasiivae kuchezea. Bonyeo la mbele liache, ni alama ya vidole vya babu mwenyewe. Siku ya arobaini iweke kwenye kiti chake mahali pa wazi, watu waione. Ikimalizika shughuli iviringishe kwenye karatasi, iingie kwenye boksi lake, na unawe mikono. Wewe vaa kofia yako.

*Mama, nondo wamekula pama yangu. Matundu manne. Dawa? (Fundi ujenzi, Kiloleni)*

Nimesoma mara mbili, nikijiuliza kama wewe wa ujenzi unamaanisha zile za zege. Hawa wadogo basi. Anayekula si yule anayeruka. Ni mtoto wake, kifunza cheupe kama punje ya mchele, na anakula sufu chafu kwanza, penye jasho na mafuta ya nywele. Matundu hayarudi. Unaweza kukwangua vumbi la felti chini ya mkanda wa jasho, ukalichanganya na gundi nyepesi ukaziba, kwa mbali halitaonekana.

Wenzake waliobaki wauwe kwa baridi: kofia ndani ya mfuko uliofungwa, ndani ya friza la mwenye bucha anayekuamini, wiki mbili. Friza, siyo friji. Ukiitoa iache mfukoni mpaka ipate joto la chumba, isilowe. Baadaye ni brashi kila wiki, kuanzia mbele kuzunguka kinyume cha saa, kisha ndani chini ya mkanda, ndiko wanakotagia. Majani ya mwarobaini naweka pia, lakini tegemeo langu ni brashi.

*Shikamoo bibi. Niko darasa la sita. Baba alisoma kwako kwamba kofia iwekwe kichwa chini miguu juu, sasa mimi ndiye ninayeiweka. Bibi yangu akiiona anaipindua, anasema kofia iliyotazama juu inaomba sadaka. Nimfuate nani? (Mwanafunzi, Ipuli)*

Marahaba mjukuu wangu. Kofia ikilazwa kwa ukingo, uzito wote unaukalia ukingo, na baada ya wiki unanyooka au unapinda upande ambao baba hakuutaka. Ikilala kwa kichwa chake, ukingo uko hewani, hauguswi na kitu. Msumarini usiitundike kabisa, itaota chuchu.

Lakini bibi naye usimbishie. Mwambie baba akunjie gazeti umbo la chungu, avalishe kofia juu yake, ikae imetazama chini na ukingo bado uko hewani. Bibi akiendelea kugomba, mwambie ni mimi niliyesema, niko Isevya, aje tuzungumze. Aje na kofia ya baba.